Askari wa KWS kupekua nyumba, mashua na simu bila hati: mpaka uko wapi? (Lamu na Malindi)

Msaidizi_Hindi

Salaam aleikum wote. Tunaandaa kikao cha wasaidizi wa kisheria hapa Hindi, na maswali yanayoletwa kutoka Bargoni, Basuba, Mokowe hadi Kiunga yanarudi palepale: askari wa KWS (Huduma ya Wanyamapori ya Kenya) wamekuja, wamepekua, wameondoka na vitu. Je, walikuwa na ruhusa hiyo?

Naomba wanaoijua sheria wanisaidie kwa haya. Nyumba ya kuishi, hasa usiku: lazima waje na hati kutoka kortini? Bodaboda na mashua: gunia lililofungwa au boksi la barafu linaweza kufunguliwa tu hivi hivi? Maskauti wa hifadhi za jamii na watu wa BMU (vikundi vya usimamizi wa ufuo), ambao si KWS wala polisi, wana ruhusa gani? Simu je, mtu anapoambiwa "fungua tuone picha"? Na mwanamke aliye peke yake ndani huku askari wote ni wanaume?

Majibu yawe na sheria nyuma yake. Na "asiyewinda hana cha kuogopa" si jibu. Wanaosimamishwa sana ni warina asali, wavuvi na watu wa boda.

---

WakiliBarazani

Waaleikum salaam. Nianze na jambo lisilopendeza. Kenya hakuna mwindaji wa nyama mwenye leseni ya kuonyesha. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ikakaza kamba hiyo hiyo. Hata anayewinda kitoweo cha nyumbani ana kosa chini ya kifungu cha 97: faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Kwa Waaweer wa Boni, waliokula na kuishi kwa msitu ule kabla ya hifadhi kutangazwa, sheria hii ni chungu, lakini ndiyo iliyopo. Akiuza, anaingia kifungu cha 98, kizito zaidi. Akikutwa na nyara (pembe, ngozi) bila kibali, kifungu cha 95 kinaanzia faini ya 1,000,000 au miaka mitano; ikiwa ni ya mnyama aliye hatarini kutoweka, kama gamba la ng'amba, anaingia kifungu cha 92, kizito zaidi.

Kwa hiyo anayesimamishwa asijitetee kama mwindaji. Ajitetee kama mtu yeyote chini ya Ibara ya 31 ya Katiba: mwili wake, nyumba yake na mali yake visipekuliwe, vitu vyake visichukuliwe, habari za familia na mambo yake ya ndani zisidaiwe bila haja, mawasiliano yake yasiingiliwe. Haki hii haimwangalii mtu ni mrina, mvuvi au mwindaji haramu. Hata aliye na paa ndani ya gunia anayo.

Ila inaweza kupunguzwa kwa sheria, na hapa ndipo watu huteleza. Sheria ya 2013 inawapa maafisa mamlaka mapana ya kusimamisha, kupekua na kuchukua vitu, hata bila hati, wanapokuwa na sababu ya kuamini kwamba kosa limetendeka. Askari akikwambia "sheria inaniruhusu" mara nyingi hasemi uongo. Lakini Ibara ya 24 inasema anayepunguza haki ya mtu ndiye mwenye mzigo wa kuionyesha mahakama kwamba kupunguza huko kulistahili. Yaani afisa aliyeingia bila hati anaweza kuulizwa baadaye na hakimu: ulijua nini, ulikijua lini, na kwa nini hukwenda kuomba hati? "Tulipata habari" peke yake ni jibu jembamba. "Tulifuata damu na nyayo kutoka kwenye mtego hadi mlangoni" ni jibu nene.

Nguvu ya haki hii hupanda na kushuka kulingana na mahali. Nyumba ya kulala iko juu kabisa. Simu nayo iko juu, tutaifikia. Gari na chombo cha baharini viko katikati, maana vinaondoka wakati hati bado inaandikwa. Msitu wa hifadhi, pwani wazi na njia ya umma viko chini: pale askari hahitaji ruhusa ya mtu kuwepo wala kutazama.

Sasa hati yenyewe. Inatolewa chini ya kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, baada ya afisa kuapa mbele ya hakimu. Ukioneshwa, soma hivi: jina la mahakama na namba ya ombi, mahali panapopekuliwa (kama imeandikwa nyumba ya jirani, sema hapo hapo), kinachotafutwa, nani ameagizwa, tarehe, sahihi na muhuri. Ukipenda ipige picha. Na saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 119 kinataka hati itekelezwe kati ya macheo na machweo, hata Jumapili, isipokuwa mahakama imeruhusu ndani ya hati hiyo itumike saa yoyote. Huku kwetu ni kama saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili mwaka mzima. Hati isiyo na ruhusa ya usiku, ikitumika saa nane za usiku, ina kasoro inayoonekana bila miwani.

Polisi wakiongozana na KWS, jambo la kawaida tangu Operesheni Linda Boni ianze 2015, polisi wana utaratibu wao. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 kinawaruhusu kuingia bila hati pale tu kuchelewa kungeharibu upelelezi, na kwa masharti: waandike kwanza sababu zao na wanachotafuta, wawe na vyeti vyao vya kazi na wavionyeshe wakiulizwa. Maandishi hayo ya awali ndiyo wakili anayaomba kortini. Mara nyingine hayapo.

Mwanamke: kifungu cha 27, Sura ya 75. Apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuchunga heshima yake. Hakuna "ni dharura" hapo. Kama kikosi hakina askari wa kike, wamsubirishe au wamfikishe kituoni kwenye askari wa kike. Kupekua chumba ni jambo jingine, askari mwanamume anaweza, lakini mwanamke apewe nafasi ya kujisitiri na kumwita jirani au mzee wa mtaa asimame mlangoni.

Jinsi ya kusema: "Sikubali kwa hiari, lakini sitawazuia." Sentensi hiyo moja, kwa sauti ya kawaida, mbele ya mashahidi. Ukisema "karibuni, tafuteni", mwendesha mashtaka atasema ulikubali mwenyewe na suala la hati litafifia. Ukiziba mlango kwa kifua, umejiongezea kosa la kumzuia afisa kazi yake, na hilo litasimama hata kama lile la nyama litaanguka.

---

Jahazi_Shela

Nimeona klipu moja WhatsApp, renja anaingia shamba la mtu na kuweka kamera kwenye mti, na anasema sheria inamruhusu kuingia ardhi yoyote bila hati kwa sababu ni "uwanja wazi". Sasa mnatubishania nini hapa?

---

WakiliBarazani

@Jahazi_Shela hiyo ni Marekani. Mahakama Kuu yao iliamua 1924, kesi ya Hester, na ikarudia 1984, kesi ya Oliver, kwamba ulinzi wa Katiba yao dhidi ya upekuzi unafunika nyumba na eneo linaloizunguka kwa karibu. Shamba na msitu nje ya hapo havifunikwi, hata vikiwa na uzio na bango la "usiingie". Ndio maana marenja wao huingia mashamba ya wawindaji. Na hata huko kuna mvutano, kwa sababu baadhi ya majimbo yana katiba zenye maneno mapana zaidi. Tennessee, mahakama ya rufaa ya jimbo iliamua 2024 kwamba marenja wa jimbo walivunja katiba ya Tennessee kwa kuingia bila hati kwenye mashamba yaliyofungwa na yanayotumiwa na wenyewe.

Katiba yetu ilipitishwa 2010 na Ibara ya 31 inataja "nyumba au mali". Shamba lako la mihogo pale Witu ni mali. Msitu wa Dodori si mali yako. Usichukue maneno ya Hester ukaenda nayo Lamu, na usichukue ya Tennessee pia.

Majirani zetu Tanzania ndio wana andiko la kujifunza. Sheria yao ya Wanyamapori ya 2009, kifungu cha 106, inaruhusu kupekua bila hati, lakini nyumba ya kuishi isiingiwe bila hati ila mbele ya angalau shahidi mmoja huru. Hapa Kenya mtu asingoje sheria imwambie: shahidi aitwe na mwenye nyumba mwenyewe. Jirani, mzee wa mtaa, imamu, yeyote asiyevaa sare.

---

NgalawaNyeupe

Upande wa bahari. Kwenye Hifadhi ya Bahari ya Kiunga (1979) na mbuga ya bahari ya Malindi (1968), KWS ni wenyeji majini, si wageni. Ndani ya mbuga ya Malindi hakuna kuvua kabisa. Kwenye eneo la akiba linaloizunguka uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, na Kiunga vilevile. Kosa la wavuvi wengi ni kutojua mpaka, kisha kubishana kuhusu faragha wakati dema liko ndani ya mbuga. Hapo faragha haikusaidii kitu. Kilichotazamwa ni bahari.

Chombo kinaweza kusimamishwa na watu wa aina tatu tofauti, na kila mmoja ana sheria yake: KWS (sheria ya 2013), maafisa wa uvuvi (Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016), na Walinzi wa Pwani ya Kenya (sheria yao ya 2018). Wote wanaweza kupanda chomboni na kukagua. Nahodha aulize mapema: "Ninyi ni wa idara gani, na mnatafuta nini?" Si ukaidi. Jibu ndilo linaloonyesha upekuzi uishie wapi. Anayetafuta nyavu zilizopigwa marufuku anakagua nyavu na shehena; hana sababu ya kufungua mkoba wa nguo wa baharia. Anayetafuta nyama ya kasa anaweza kufungua boksi la barafu, kwa sababu ndipo nyama hukaa.

Kinachoharibu mambo majini ni haya. Taa: ukipepewa taa ukaambiwa simama, teremsha tanga au zima mashine. Kukimbia ni sababu tosha ya kupekuliwa, na ni hatari, wale wana silaha. Nyaraka: leseni ya uvuvi, usajili wa chombo na vitambulisho vya mabaharia viwe ndani ya mfuko wa nailoni unaofungika, juu ya shetri, si chini ya nyavu. Nahodha anayepekua chombo chake mwenyewe dakika kumi akitafuta karatasi anaonekana anaficha.

Kasa. Akiingia kwenye jarife kwa bahati mbaya na yuko hai, mfungue mwachie. Amekufa, usimbebe "niwaonyeshe": kumkuta mtu na kasa aliyekatwa ni kesi ambayo maelezo yake hayaaminiki. Wavuvi wa Watamu wana utaratibu wa kupiga simu wachukuliwe kasa walionaswa na kuachiwa upya. Huo ndio ushahidi bora wa nia njema kuliko maneno. Na mafuta ya kasa kwenye chupa ya dawa ya mzee ndani ya nyumba ni kitu kilekile mbele ya sheria, ingawa wengi hawaamini mpaka wakikamatwa.

Watu wa BMU: wao ni usimamizi wa ufuo, si askari. Wanaweza kukagua leseni na samaki pale kwenye mwalo kwa taratibu za uvuvi, lakini mkoba wako wakiutaka, wamwite afisa.

---

Mwanamida

Naongeza kuhusu maskauti, maana swali limepitwa kidogo. Skauti wa jamii, awe wa Awer, Pate au kando ya Arabuko-Sokoke, kwa skauti tu hana mamlaka ya kupekua nyumba wala mwili. Alicho nacho ni kile cha raia yeyote: kifungu cha 34 cha Sura ya 75 kinamruhusu kumkamata mtu anayemwona kwa macho yake akitenda kosa ambalo polisi anaweza kumkamatia bila hati, au anayemshuku kwa sababu ya maana kuwa ametenda kosa kubwa, na cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kwa hiyo kamata na peleka, basi. Skauti anayemfungulia mtu gunia, kumlaza kambini usiku na kumpiga picha, anaiharibu kesi yake mwenyewe.

Angalieni tu kwamba baadhi ya maskauti ni pia polisi wa akiba. Hao wana kofia mbili. Muulize amevaa ipi, na jina la kituo kinachomsimamia.

Huku Arabuko-Sokoke kuna mchanganyiko mwingine: doria huwa za pamoja, KWS na huduma ya misitu, na watu wa misitu wana sheria yao ya 2016. Mtu wa Kakuyuni au Jilore akikutwa na panga, kamba na nyaya ndani ya msitu anaweza kushtakiwa na idara mbili kwa gunia moja. Nyaya ndizo mbaya. Waya wa breki uliofumwa kitanzi hauna kazi nyingine, na kila kimoja huhesabiwa. Mrina asali aende na shoka, kamba, ndoo na mwenge, na mata na mishale aviache nyumbani hata kama baba yake alikwenda navyo. Mishale ndani ya hifadhi inageuza ukaguzi wa dakika tano kuwa kesi.

---

Karani_wa_Zamani

Watu wamejibu vizuri kuhusu mlango. Kesi hizi lakini hazianguki mlangoni. Zinaanguka kwenye karatasi.

Kitu cha kwanza baada ya upekuzi ni orodha ya vilivyochukuliwa, askari huiita inventori. Iandikwe pale pale, si kituoni kesho yake. Kila kitu mstari wake: ni nini, kiasi gani, kimetoka wapi hasa (chini ya kitanda cha chumba cha pili, si "ndani ya nyumba"), kimekutwa na nani, saa ngapi. Mwenye nyumba anasaini, askari anasaini, shahidi anasaini, na nakala inabaki kwa mwenye nyumba. Wakikataa kutoa nakala, piga picha. Wakikataa na hiyo, mashahidi waisome kwa sauti. Usitie sahihi karatasi tupu wala yenye mistari mitupu chini. Chora msitari kuanzia pale orodha inapoishia hadi mwisho wa karatasi. Kama hukubaliani na kitu, andika kando ya sahihi: "Nimesaini kupokea, namba 3 sikubali." Hilo linaruhusiwa kabisa, na linasomwa na hakimu kabla ya kitu kingine chochote.

Nyama ndiyo inayochanganya sana. Ikiwa imekatwakatwa au imekaushwa, hakuna askari anayeweza kuapa kwa macho kwamba huyu ni paa na si mbuzi. Lazima sampuli ichukuliwe, ifungwe kwa lakiri, ipelekwe maabara. KWS wana maabara yao ya vinasaba Nairobi tangu 2015. Yafuatayo hukosewa mara kwa mara: uzito unakadiriwa kwa mkono ("kama kilo 20") kisha mizani ya kituo inasema vingine, gunia moja linalotajwa kwenye orodha linakuwa mifuko miwili kwenye picha, sampuli haina namba ya kesi, nyama inatupwa kwa kuwa imeoza kabla hakimu hajatoa amri, wala haijapigwa picha. Kila moja ya hizo ni swali la wakili. Lakini swali halijibiki kwa niaba yako kama hukuwa na nakala ya orodha ya siku ile.

Pembe na nyara nyingine huthibitishwa na mtaalamu, mara nyingi wa Makumbusho ya Taifa, na ripoti yake inataja alama zilizoandikwa juu ya kielelezo. Alama hizo lazima zifanane na zile za kwenye orodha. Nenda ukalinganishe herufi kwa herufi.

Kisha kuna kumiliki. Kukutwa karibu na kitu si kumiliki. Upande wa mashtaka uonyeshe ulijua kipo na ulikuwa na mamlaka juu yake. Kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza hivyo, na kwamba kitu cha mmoja kinaweza kuwa cha wote kama wengine walijua na wakaridhia. Abiria wa boda kutoka Mokowe na gunia la mwendeshaji, baharia na boksi la nahodha: hao wawili waseme mapema gunia si lao, wakinyamaza njia nzima hadi kortini maelezo yao yanachakaa.

Maelezo ya kambini ni shida ile ile. Kukiri kosa hakukubaliki kama ushahidi isipokuwa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kilichowekwa ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu uliyemchagua wewe. Ni kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi. Karatasi uliyosaini chini ya mwembe wa kambi ya doria si ungamo, ingawa itajaribiwa.

Na saa 24. Ibara ya 49: aliyekamatwa afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, au siku inayofuata ya mahakama kama saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi. Aambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Mzee wa Basuba asiyejua Kiswahili cha ofisini ana haki ya mkalimani wa Kiaweer, kwa hiyo ombeni hiyo mapema, msingoje siku ya kusomewa mashtaka. Ndugu zake waende kituo cha karibu, wachukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na saa iliyoandikwa. Bila namba hiyo hakuna saa ya kuanzia kuhesabu.

---

NgalawaNyeupe

@WakiliBarazani simu bado.

---

WakiliBarazani

Kweli, simu. Askari akikukamata kihalali anaweza kuichukua simu kama kielelezo. Kuifungua na kusoma yaliyomo ni hatua nyingine. Data iliyohifadhiwa kwenye simu inaombewa hati mahakamani chini ya kifungu cha 48 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, na Ibara ya 50 inamlinda mshtakiwa asitoe ushahidi wa kujitia hatiani mwenyewe. Kwa hiyo namba ya siri hulazimiki kuitaja njiani. Sema, "Simu chukueni, iandikeni kwenye orodha, kufungua leteni hati." Iandikwe aina, rangi na IMEI (namba ya utambulisho ya simu). Ukiifungua mwenyewe ili mambo yaishe haraka, umekubali. Picha ya swala mmoja ya mwaka jana inatosha kukupeleka mbali. Ikifikishwa kortini, yaliyotolewa kwenye simu yaje na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Cheti hicho husahauliwa mara nyingi kuliko mtu anavyotarajia.

Na msitegemee kwamba upekuzi mbovu unafuta kesi. Ibara ya 50(4) inasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utaondolewa kama kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutaidhuru haki kwa ujumla. Hakimu anapima. Pembe mbili za ndovu zilizokutwa bila hati zinaweza kupokelewa na kesi ikaendelea. Pingamizi litolewe kabla kielelezo hakijapokelewa, siku ile shahidi anapotaka kukitoa. Kulia baada ya hukumu ni kazi ya rufaa, na ni ghali.

---

Mwanamida

Nina swali kwa wakili. Kibanda cha msituni, cha makuti, ambamo mtu analala wiki mbili akirina asali: hicho ni nyumba au ni sehemu ya msitu?

---

WakiliBarazani

Ningekitetea kama nyumba. Kama kuna kitanda, moto wa kupikia na vyombo, ni pake kwa siku hizo. Ila kipo ndani ya hifadhi bila kibali, na hakimu ataanza na hilo.

---

Karani_wa_Zamani

Mimi naona hakishindi. Ukijenga pasipo ruhusa ndani ya hifadhi ya taifa, umeshajibu kosa la kuingia kabla ya kufika swali la faragha. Utetezi wenye nguvu pale ni mkoba na mwili, si paa la makuti.

---

Msaidizi_Hindi

Shukrani nyingi, nimechukua yote. Mambo mawili yamebaki. Pikipiki iliyoshikwa, mwenyewe si mshtakiwa, aliikodisha tu. Na mahali pa kulalamikia kama upekuzi ulikuwa wa fujo.

---

Karani_wa_Zamani

Pikipiki: mwenyewe aandike ombi kwa mahakama ileile yenye kesi, akiambatisha logbook, kitambulisho na mkataba wa kukodisha, hata kama ni wa karatasi ya daftari wenye sahihi mbili. Aeleze hakujua inatumiwa kwa nini. Asiende kuiomba kambini; askari hana mamlaka ya kuachia kielelezo baada ya mashtaka kusomwa, na anayelipia "ya kuiachilia" analipa hewa. Aombe mapema, kwa sababu sheria inaruhusu vyombo vilivyotumika kwenye kosa vitaifishwe mwisho wa kesi, na mahakama ikishatoa amri hiyo kazi inakuwa mara mbili. Mara nyingine mahakama huachilia kwa masharti: ipigwe picha, isiuzwe, iletwe ikihitajika. Kubali masharti hayo, usibishane nayo.

---

WakiliBarazani

Malalamiko: IPOA (mamlaka huru ya kuwasimamia polisi) inahusika na polisi, kwa hiyo kama kikosi kilikuwa cha pamoja tenganisheni nani alifanya nini. Kwa KWS, andikeni kwa mkuu wa kituo chao na nakala kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na kwa Ombudsman. Barua iwe na tarehe, saa, mahali, idadi ya askari, namba za gari au chombo, vilivyochukuliwa, na nani alishuhudia. Wasijaze kurasa tano za hasira; ukurasa mmoja unasomwa.

Kama haki imevunjwa vibaya, mlango ni Mahakama Kuu. Ya Malindi ipo. Ibara ya 22 inasema taratibu ziwe chache, mahakama ikubali hata barua isiyo rasmi pale panapobidi, na hakuna ada ya kufungua shauri la aina hiyo. Karani wa masjala akidai ada ya kufungua, mwonyesheni Ibara ya 22(3)(c) kwa upole, na aandike kwa nini anakataa kupokea.